Kumvusha mama kwenda Unguja: jibu kwa msomaji wa Dodoma

Swali: "Mwezi Julai tunakwenda Unguja kwenye harusi ya mdogo wangu. Nitakuwa na mama yangu, ambaye ana miaka 68 na anasumbuliwa na magoti, pamoja na wanangu wawili, wa miaka 9 na wa miaka 4. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda boti. Tutatoka Dodoma kwa treni ya asubuhi na tunataka kuvuka siku hiyohiyo. Jirani ameniambia tuende Feri. Mama anaogopa bahari, nami naogopa vibaka na vurugu za bandarini. Nianzie wapi?"

Jibu: Dada yangu, naanza na maelekezo ya jirani yako, kwa sababu ukiyafuata kama yalivyo boti itakuacha. Mkazi wa Dar es Salaam akitaja Feri, hazungumzii boti za Zanzibar. Feri ni Magogoni, penye soko la samaki na vivuko vya kwenda Kigamboni, ambavyo wengi bado huviita pantoni. Boti za Unguja huondokea kwenye jengo la abiria lililo Barabara ya Sokoine, mkabala na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile la enzi za Wajerumani lenye mnara mrefu uliochongoka. Kati ya sehemu hizo mbili kuna mwendo wa kilomita moja na ushee kando ya maji, na nimekutana na familia nyingi zinazokimbia umbali huo na mabegi kichwani baada ya kushushwa mahali pasipo pao. Kwa hiyo usimwambie dereva "Feri" wala usimwambie "bandarini" peke yake, maana bandari ya Dar es Salaam ina malango mengi na mengine ni ya makontena. Mwambie: boti za Zanzibar, mkabala na kanisa la Mtakatifu Yosefu. Hakuna dereva wa katikati ya mji atakayekosea hapo.

Habari njema ni kwamba kutoka stesheni ya treni ya kisasa, ile iliyopewa jina la Magufuli, hadi kwenye boti ni karibu. Ni kiasi cha kilomita moja hivi. Kijana mwenye begi la mgongoni angetembea. Wewe chukua taksi, kwa sababu magoti ya mama yanapaswa kuhifadhiwa kwa ajili ya ngazi utakazozikuta mbele. Chunga jambo moja tu: stesheni ya treni na stendi ya mabasi ya mikoani zote zina jina la Magufuli, lakini stendi iko Mbezi Luis, nje kabisa ya mji. Ndugu akikuahidi kukupokea "Magufuli", muulize ni Magufuli ipi.

Sasa tuje kwenye mpango wenu wa kuvuka siku hiyohiyo. Sikuungi mkono, na nitaeleza kwa nini. Treni ya haraka kutoka Dodoma haitumii chini ya saa tatu, na ikichelewa hata kidogo wewe ndiye utakayebeba hasara, kwa sababu boti haimsubiri abiria wa treni. Muda ulioandikwa kwenye tiketi ya boti ni wa kung'oa nanga. Wa kufika ni mwingine. Langoni kuna ukaguzi wa tiketi na vitambulisho, kisha mashine ya kukagua mizigo, kisha foleni ya kuelekea gatini, na lango hufungwa kabla ya boti kuondoka. Mtu mzima aliye peke yake hutosheka na saa moja. Mtu mwenye mama anayetembea polepole na mtoto wa miaka minne ajipe saa moja na nusu. Ukijumlisha treni, taksi na muda huo, utajikuta ukitegemea boti ya adhuhuri au ya alasiri, na mwezi Julai hizo ndizo ambazo nisingependa mama apande mara yake ya kwanza. Sababu yake ni upepo, nami nitaufikia hivi punde. Laleni Dar es Salaam usiku mmoja, kwa ndugu au kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na Posta au Kariakoo, mvuke kwa boti ya kwanza, ambayo kwa kawaida huondoka saa 1 asubuhi.

Hapo kwenye saa naomba unisikilize kwa makini, kwa kuwa ndipo wanapopotea hata waliosoma. Tiketi haiandikwi kwa saa za Kiswahili. Inaandikwa 07:00, 09:30, 12:30, au saa nyingine kulingana na ratiba ya msimu. Toa sita, utapata saa yako: 07:00 ni saa 1 asubuhi, 09:30 ni saa 3 na nusu, 12:30 ni saa 6 na nusu mchana. Niliwahi kusimama langoni na mzee mmoja aliyekuja na tiketi ya 09:30 iliyokunjwa vizuri ndani ya leso. Amefika saa 9 alasiri, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, ametulia, akiamini amewahi kwa nusu saa. Boti yake ilikuwa imeondoka tangu asubuhi, na wakati huo ilikwisha kushusha watu Malindi, kwenye gati ya Unguja, zamani. Hakuna aliyemkosea, ila hakuna pia aliyemsomea tiketi. Ukishaipata yako, iandike nyuma kwa kalamu: saa ya Kiswahili, asubuhi au mchana, na siku ya juma.

Tiketi yenyewe nunua kwenye ofisi ya kampuni ya boti, au kwenye tovuti yake, siku kadhaa kabla. Katikati ya mwaka wageni ni wengi na watu wa bara pia wanasafiri kwa likizo, hivyo boti ya kwanza hujaa mapema. Nje ya jengo utapokelewa na vijana wengi, kila mmoja akikuambia kwamba kampuni unayoitafuta imejaa, imefungwa, au imehamia kwingine, na kwamba yeye ana nafasi. Baadhi yao ni mawakala halali, wengine ni wapigadebe tu, na kwa macho ya mgeni hawatofautiani. Kanuni yangu ni nyepesi: fedha na kitambulisho havitoki mkononi mwangu nikiwa barabarani. Vinatoka dirishani, mbele ya karani aliye nyuma ya kioo, naye ananirudishia tiketi iliyochapwa jina langu. Kijana akishika begi lako wakati unashuka kwenye taksi, jua kwamba kazi imeanza na malipo yatadaiwa. Mwambie hapana kwa sauti ya kawaida, au kubalianeni bei kabla mzigo haujainuliwa. Wengi wao wanatafuta riziki kwa haki na hawana nia mbaya. Tatizo huwa ni bei isiyotajwa mwanzoni. Vibaka wapo kama palipo na msongamano wowote, nao huvizia dakika ileile ambayo mtu ana tiketi mkono mmoja, mtoto mkono wa pili, na simu mfuko wa nyuma. Simu na fedha viwe kwenye mkoba mdogo unaovaliwa mbele, ndani ya mtandio, kabla hamjateremka kwenye gari.

Kuhusu majina, kila abiria aandikishwe kwa jina lililo kwenye kitambulisho chake, herufi kwa herufi, pamoja na watoto. Wewe na mama mtabeba vitambulisho vya taifa, na watoto wabebewe vyeti vya kuzaliwa, kwa sababu umri wao ndio unaoamua nauli yao na karani ana haki ya kuuona. Hati ya kusafiria si lazima kwa Mtanzania anayevuka kwenda Zanzibar. Mtu akikupa tiketi ya ndugu yake aliyeghairi safari, hata bure, usiikubali. Wengi huona utaratibu huu kuwa usumbufu wa maofisa, ilhali una historia ya machungu. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Mwaka mmoja haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe, kwenye njia hiihii mtakayopita ninyi, siku ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Katika misiba ya namna hiyo, orodha ya abiria ndiyo inayowaambia waokoaji wamtafute nani na waache lini kutafuta. Abiria aliyepanda kwa jina la mwingine hayumo kwenye orodha hiyo, na mama yake hataitwa.

Sikutajii haya ili yamfikie mama. Nimekutajia wewe ili, ukiona safari imesitishwa, usigombane na karani. Bahari ya njia hii husimamiwa na mamlaka mbili, TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, upande wa bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini upande wa Zanzibar, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi kila siku. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimama. Walionuna siku ile walikuwa wengi, lakini wote walikuwa nchi kavu. Kwa hiyo panga kufika Unguja angalau siku mbili kabla ya harusi. Na jioni ya kuamkia safari sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ule wa baharini, si ule wa mvua za Dodoma.

Sasa nije kwenye upepo, ambao ndio moyo wa swali la mama hata kama yeye ameuita bahari. Maji hayachafuki yenyewe. Kati ya Dar es Salaam na mji wa Unguja ni kama kilomita 70 na kitu, na boti ya mwendo kasi hutumia takriban saa mbili, ikielekea kaskazini karibu moja kwa moja. Julai ni kusi. Upepo unatoka kusini na kusini-mashariki, una nguvu, na huongezeka kadiri jua linavyopanda, ndiyo maana nimesema asubuhi na mapema. Ila kuna jambo ambalo wasafiri wa mara ya kwanza hawalijui: kwenda na kurudi si safari moja. Mkielekea Unguja wakati wa kusi, mawimbi yanawajia kwa nyuma na kwa ubavu, yanaisukuma boti, nayo inapanda na kuteremka kama mtu anayebembea. Mkirudi Dar es Salaam, boti inayakabili uso kwa uso, inayapiga, na kila pigo hulisikia miguuni. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mambo hugeuka, na hata hivyo kisiwa chenyewe huukinga mkondo kwa sehemu, hivyo bahari huwa laini zaidi. Mama akivuka salama wakati wa kwenda, usimwambie kwamba kurudi kutakuwa hivyohivyo. Mwandae.

Zile dakika za mwanzo zitamdanganya. Bandari ya Dar es Salaam imejificha ndani ya nchi kama maji yaliyo kibuyuni, na boti hutoka taratibu, ikiiacha mbele ya mji, ikipishana na pantoni inayokatiza kwenda Kigamboni, huku upande wa soko la samaki mitumbwi imelala mchangani. Maji ni tuli kabisa. Abiria wanapiga picha, wanafungua biskuti. Kisha boti inapita shingo ya kibuyu, injini zinabadili sauti, na wimbi la kwanza linainua sakafu. Anayetafuta dawa ya kichefuchefu kwenye mkoba wakati huo amekwisha kuchelewa. Dawa kama sinarizini humezwa karibu saa mbili kabla, yaani mkiwa bado mnajiandaa kutoka mlikolala. Mfamasia aulizwe kwanza kuhusu mama, hasa kama anatumia dawa za presha au za kisukari, kwa sababu dawa hizi hulewesha usingizi; na mtoto wa miaka minne asipewe bila ushauri wa daktari. Kwa mdogo huyo kinachosaidia ni chakula kidogo kikavu, chapati au mkate, maji kwa funda ndogondogo, na kutotazama simu. Tumbo tupu hutapisha sawa na tumbo lililojaa, kwa hiyo msivuke na njaa mkidhani mmejikinga.

Viti vichagueni kwa makini kuliko daraja la tiketi. Wengi hulipa zaidi wakakae juu na mbele, na huko ndiko kunakotikisika kuliko kote. Boti huzunguka kwenye kiuno chake, kwa hiyo atakayekaa sehemu ya chini, katikati, au nyuma kidogo ya katikati, ndiye atakayerushwa kidogo. Mkae karibu na dirisha na mama atazame mbali, pale mbingu inapokutana na maji. Jicho likiona kinachotikisika na kisichotikisika, kichwa hutulia. Wahudumu hupita na mifuko ya kutapikia. Chukueni mapema, bila haya, hata kama hakuna atakayeitumia. Na kabla hamjatulia, mwonyeshe mtoto wa miaka tisa jaketi za kuokolea zilipo na mwulize mhudumu za watoto zimewekwa wapi. Dakika mbili zinatosha, na mtoto wa umri huo hufurahi kupewa jukumu.

Umenieleza magoti ya mama, nami sitaki uyafikirie mwishoni. Daraja la kupandia boti haliko kwenye mteremko uleule kila siku, kwa sababu maji ya pwani yetu hupanda na kushuka mita tatu na zaidi wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi, na boti iliyo chini hufanya njia ya kushukia iwe kali. Saa 1 asubuhi maji bado yapo nusu, kwa hiyo hata kwa hilo boti ya kwanza inamfaa. Wakati wa kununua tiketi mwambie karani kwamba una mzee asiyeweza ngazi vizuri, na mkifika langoni rudia kumwambia mhudumu wa kwanza mwenye sare utakayemwona. Mara nyingi watawatanguliza. Mama ashike kamba kwa mkono mmoja na mkono wa mtu kwa mwingine. Mkoba wake ubebe wewe. Asivae kandambili.

Mizigo mikubwa haikai miguuni. Utaelekezwa mahali inapopangwa, juu ya mabegi mengine yanayofanana na lako kama mapacha. Funga kitambaa chenye rangi kali kwenye mkono wa begi, na ndani weka karatasi yenye jina na namba ya simu. Zawadi za harusi ambazo bado ziko kwenye makasha ya dukani zibebwe na risiti zake, maana mizigo mipya huweza kuulizwa kwa maofisa wa forodha, kwenda na kurudi. Msifunge kitu kwenye mfuko wa plastiki. Zanzibar iliipiga marufuku mifuko hiyo tangu 2006, na bara ikafuata Juni 2019. Vikapu vya ukili ndivyo vitakavyokupendeza, na huko mnakokwenda vitaonekana ni vya nyumbani.

Boti ikipunguza mwendo na Mji Mkongwe ukaanza kuonekana, nusu ya abiria watasimama na kujazana mlangoni. Ninyi kaeni. Hakuna anayebakizwa ndani, na kwa mama dakika kumi za kusubiri mmekaa ni bora kuliko dakika kumi za kusukumwa mmesimama. Mtashukia gati ya Malindi. Wanaokuja kuwapokea hubaki nje ya lango, kwa hiyo mkubaliane mapema watasimama wapi hasa, tena kwa jina la mahali wanalolijua wao. Kama mzigo unawazidi, ita hamali, taja bei kwanza, kisha mfuate nyuma ya mkokoteni wake kwa hatua chache. Salimieni kwanza kabla ya kuuliza lolote. Kwa Waunguja neno la kwanza ni salamu, na mama yako atapata msaada kwa salamu ambao wewe hungeupata kwa noti.

Tiketi ya kurudi msinunue siku ya kurudi. Ichukueni ile ya saa 1 asubuhi kutoka Malindi, kwa sababu ile niliyokueleza ya kusi kuwakabili uso kwa uso. Usiku wa kuamkia safari mama asikeshe hata kama sherehe bado inaendelea, maana aliyechoka hushikwa na bahari upesi. Na kama Mamlaka ya Hali ya Hewa imetangaza upepo mkali kwa siku hiyo, nenda kwenye ofisi ya kampuni uombe mbadilishiwe tarehe, kisha mrudi nyumbani kwa bibi harusi mkanywe chai.